Viatu Vilivyobaki Shelfuni

Ukimsalimia Fundi, alikuwa anakuitikia huku anatazama miguu yako. Wasiomjua walidhani ni dharau. Waliomjua walisema ni haya tu, amezaliwa nayo, na kazi ikamzidishia. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita juu ya kigoda kando ya barabara, misumari mdomoni na kisu mkononi, huwajua watu kuanzia chini. Sura zilimtoka upesi, lakini soli hazikumtoka. Muuguzi alimtambua kwa soli iliyolika sawasawa, mbele na nyuma, kwa kusimama kutwa. Mshona nguo alimtambua kwa soli iliyolika katikati, pale panapokanyaga pedeli. Na dereva wa lori hakuwa na haja ya kumuuliza: kiatu cha kushoto kizima, cha kulia kisigino kimeliwa kwa nyuma, mshazari, kama sabuni iliyotumiwa upande mmoja. Kisigino hicho hakitembei. Kinakaa kwenye sakafu ya gari mwaka hadi mwaka, kinajisaga hapo hapo, mguu ukihama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki.

Binti yake alilelewa chini ya meza ya kazi baada ya mama yake kufariki, akajua kusoma soli kabla hajajua kusoma kitabu. Ulikuwa mchezo wao. Mteja akiisha kuondoka, baba anageuza kiatu, na mtoto anasema, "Huyu anabeba mzigo bega la kushoto." Au, "Huyu mama ana mimba." Baba anacheka mpaka misumari inataka kumwingia kooni.

Kisha pombe ikaingia nyumbani. Mwanzoni ilibisha hodi, baadaye ikawa na kitanda chake. Fundi akaanza kuuza viatu alivyoletewa kutengeneza. Aliuza vya watoto wa shule, aliuza vya mzee mmoja wa msikitini, mpaka vya bibi harusi, vyeupe, wiki moja kabla ya harusi. Wenyewe walipokuja kugonga mlango, yeye alijificha nyuma ya pazia na kumnong'oneza binti yake, "Sema sipo." Binti akatoka akasema, "Baba hayupo." Akasema hivyo miaka miwili. Siku moja akachoka. Alifungua mlango, akavuta pazia, akawaonyesha baba yake amechuchumaa pale kama kuku anayetaga. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena. Asubuhi alimwekea chai, jioni alimwekea chakula, ila shikamoo ilikauka mdomoni mwake.

Yeye ndiye aliyempeleka kituoni.

Kituo kilikuwa nyumba ya kawaida, ndefu, ya bati, ua wa michongoma, wanaume kumi na mmoja ndani wanaoacha ulevi na madawa. Mlango wa mbele ulikuwa na tundu pale palipokuwa na kitasa. Kitasa kilikuwa kimeng'olewa makusudi. Mama Mlezi, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi, alimwonyesha Fundi tundu hilo siku ya kwanza, kabla hajamwonyesha kitanda.

"Hapa hatumfungii mtu," alisema. "Vua viatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Ukiingia unavua viatu vyako, unavaa kandambili, na viatu vinakaa kwenye shelfu la mbao kando ya mlango, ncha zikitazama nje. Wapya safu ya chini, waliokaa kaa safu ya kati, wanaokaribia kuondoka safu ya juu. Hakuna anayekuzuia. Siku ukishindwa, chukua viatu vyako uende. Kwa hiyo hakukuwa na daftari la kuita majina. Mama Mlezi akitaka kujua nani yupo, alitupa jicho kwenye shelfu. Viatu vipo, mtu yupo.

"Na ukiwa na jambo linakusumbua, unaliweka mezani," akaongeza. Barazani walikokaa duara kila siku saa tisa, katikati palikuwa na meza ndogo ambayo haikuwekwa hata kikombe. Mwenye la kusema aliweka kiganja juu yake, akasema. Mbao ilikuwa imeng'aa kwa viganja.

"Lakini hamnijui," Fundi alisema, macho kwenye miguu ya Mama Mlezi.

"Hatukujui. Tumeanza na kukuamini. Kukujua kutafuata."

Mwezi wa tatu walimrudishia zana zake. Kisu pia, chenye makali ya kukata ngozi ya ng'ombe. Alikishika, akakigeuza geuza. Tangu lini mtu alimpa kitu asimfuate kwa macho? Wakamkabidhi na shelfu lote, avipige rangi viatu, atoe vumbi. Kushona na kuweka soli ilikuwa kwa yule tu aliyebakiza mwezi mmoja, ili atoke na viatu vyenye nguvu. Mtu akiona viatu vyake vimegeuzwa mezani kwa Fundi, alijua anakwenda nyumbani.

Kitanda cha pili yake alilala Dereva. Huyu aliendesha malori miaka ishirini, mwili mkubwa, sauti ya kuita abiria ingawa hakuwahi kubeba abiria. Alimpenda Fundi bure bure, kama watu wenye maneno mengi wanavyowapenda wasio na maneno. "Fundi," alikuwa akimwambia, "wewe na mimi tungeoana tungekuwa na nyumba tulivu. Mimi naongea, wewe unashona." Usingizini mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga shuka, taratibu, kama anayepunguza mwendo mteremkoni.

Siku ya hamsini ya Dereva, baada ya chakula cha mchana, ikaingia saa ya kimya. Kuanzia saa nane hadi saa tisa nyumba nzima ililala, ndiyo sheria. Dereva akainama kitandani kwa Fundi.

"Fundi, nishikie nafasi saa moja. Nakwenda kumpigia simu mke wangu."

"Simu ipo kwa Mama Mlezi."

"Ya Mama Mlezi mpaka siku ya tisini. Mke wangu ameanza kunisahau sauti. Saa moja tu, ndugu yangu. Wakiniulizia, sema nipo."

Alitoka peku. Kandambili aliziacha kitandani kwa sababu zinapiga kelele, na viatu aliviacha shelfuni kwa sababu shelfu ndilo linalotazamwa. Fundi alimwona akipita mlangoni, nyayo zake nyeupe zikikanyaga changarawe ya moto kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto.

Saa tisa hakuwa amerudi. Wakakaa duara. Mama Mlezi akauliza, "Dereva yuko wapi?"

Fundi alihisi pazia la nyumbani kwake likimgusa uso. "Yupo," akasema. "Tumbo linamsumbua. Yuko chooni."

Mama Mlezi akageuza shingo kutazama shelfu. Viatu vipo. Kikao kikaendelea.

Siku ya tatu walimkuta kwenye mtaro nyuma ya maegesho ya malori, karibu na kibanda cha gongo. Alikuwa peku. Ndugu zake walikuja kumchukua, akazikwa kwao, safari ya nusu siku. Mke wake hakutaka hata kuiona nyumba ile, na viatu havikuulizwa. Sheria ilikuwa vitolewe na mwenyewe au kwa mkono wa ndugu, kwa hiyo vikabaki safu ya chini. Watu wa kituo walilia, wakajilaumu, wakasema alikwenda chooni akapitia huko huko nyuma. Hakuna aliyemuuliza Fundi swali la pili. Na yeye, kila saa tisa, alitazama ile meza ndogo na mkono wake ukabaki mapajani.

Miezi mitano ikapita. Viatu vya Fundi vilipanda mpaka safu ya juu. Mama Mlezi akamwandikia binti yake, naye akajibu kwa mstari mmoja: nitakuja kumchukua, kama mnasema amepona. Fundi aliisoma karatasi hiyo mpaka ikachanika kwenye mikunjo. "Kama mnasema." Kwa hiyo binti hamwamini yeye, anawaamini wao. Nao wangesema. Wangesimama mmoja mmoja na kusema. Alichotaka duniani ni kimoja, kurudi kwa mwanawe aamkiwe kama baba, na kitu hicho sasa kilining'inia kwenye ulimi wa watu aliowadanganya.

Ndipo alipofanya kosa lake. Alichukua viatu vyake kuviwekea soli mpya, kama desturi, na alipomaliza, mikono ikawa bado ina hamu. Akachukua na vya Dereva. Alijiambia ni aibu kuviacha vimelika hivyo. Akakata mpira wa tairi la lori, mgumu, wa kukaa miaka miwili barabarani, akashona, akagonga, akaweka visigino vipya, akapiga rangi mpaka akajiona humo.

Mwalimu alipita. Huyu alikuwa mwalimu wa shule kabla chupa haijamfukuzisha kazi, na hakuwa na siku isiyokuwa na utani. "Fundi, huyo tumeshamzika. Au huko aliko wanadai soli?"

Fundi akacheka kwa adabu. Mama Mlezi, aliyekuwa amesimama nyuma, hakucheka.

"Hivi viatu vina safari gani, Fundi?"

"Sikupenda vikae vibaya, Mama."

"Umeviandaa kama vya mtu anayeondoka," alisema. Akavitazama kidogo, akaenda zake.

Siku iliyofuata, saa tisa kasoro, Fundi alipita kutoa vumbi. Viatu vyote vilitazama nje. Vya Dereva vilitazama ndani.

Akavigeuza. Pengine mtu alivigusa akifagia. Kesho yake vilitazama ndani tena, kama vya mtu aliyeingia akavua upesi bila kugeuka. Na kwenye mshono, pale alipopaka rangi jana, palikuwa na vumbi jeupe la changarawe.

Siku ya nne alivigeuza juu chini. Mpira wa tairi hauliki kwa siku nne. Lakini kisigino cha kiatu cha kulia, kwa nyuma, mshazari, kilikuwa kimeanza kulika. Fundi alikaa chini sakafuni. Alikipima kwa ukucha wa kidole gumba. Siku ya tano ukucha ulizama kidogo zaidi. Siku ya saba aliweka alama ya penseli pembeni, na siku ya nane alama ilikuwa imeshasagika.

Mtu angeweza kuvivaa. Alilifikiria hilo. Wenzake wote aliwajua kwa miguu: hakuna aliyekuwa na mguu wa namba ile. Na hata angekuwapo, kutembea hakuli kiatu namna ile. Namna ile kinaliwa na mtu aliyekaa, mwenye safari ndefu, anayekanyaga mafuta.

Alijaribu kumwonyesha Mwalimu. "Hebu tazama hapa nyuma."

"Nimetazama."

"Unaona nini?"

"Naona kiatu. Fundi, mimi nilisomea vitabu, soli sikufika." Kisha Mwalimu akamtazama vizuri, utani ukamtoka. "Unalala sawasawa?"

Fundi akarudisha kiatu mahali pake. Alilielewa swali lile. Zamani, pombe ilipomkaba, aliona siafu wakipanda ukutani, akawapiga kwa nyundo mpaka plasta ikaanguka. Wote walijua habari ya siafu. Aliiweka mezani mwenyewe wiki ya pili. Akisema leo kwamba viatu vya marehemu vinatembea, watasema Fundi amerudi kunywa. Na barua ya binti yake itakuwa karatasi tu.

Zikabaki siku sita aondoke. Saa ya kimya ilipoingia, hakwenda kulala. Alichukua kigoda akakaa mbele ya shelfu, macho yake yote mawili kwenye safu ya chini. Nyumba ikanyamaza. Nje jua lilikuwa jeupe, changarawe inameta, ua hautikisiki. Nzi mmoja alitua kwenye kiatu cha Mwalimu, akasugua mikono, akaruka. Mlango ulikuwa nusu wazi kama kawaida, na tundu la kitasa lilitupa duara la mwanga sakafuni, dogo kama kifungo. Fundi alilitazama duara hilo likisogea. Hakusinzia, angeapa kwa chochote. Viatu havikutikisika hata unywele.

Ila mara moja, kitu gani sijui, lile duara la mwanga likazimika, likawaka tena. Kama mtu amepita.

Alingoja hesabu ya pumzi kumi. Viatu vilikuwa palepale, vinatazama nje, alivyoviweka yeye. Akapiga moyo konde, akanyoosha mkono, akatia vidole ndani ya kiatu cha kulia.

Kilikuwa cha moto. Kilikuwa na unyevu pia, joto lile la kiatu kilichovuliwa sasa hivi.

Siku tano zilizobaki hakulikaribia tena shelfu. Vumbi alilitoa mtu mwingine.

Siku ya kuondoka ilikuwa na desturi yake. Ndugu anakuja, anakaa kwenye duara. Wenzako wanasema juu yako, kila mtu lake. Kisha ndugu mwenyewe anakwenda shelfuni, anachukua viatu vyako na kuviweka mbele yako, unavivaa, unatoka.

Binti yake alifika amevaa gauni la kijani, mkoba kwapani. Alikuwa amekonda. "Habari za hapa," alisema, akiwaambia watu wote. Kwa baba yake akainamisha kichwa tu. Fundi akatazama miguu yake: viatu vya kazi, soli ya kushoto imeanza kuachia. Hakuna aliyemshonea.

Wakaanza. Mmoja akasema Fundi hakosi kazi. Mwingine akasema Fundi alikesha naye alipokuwa na homa. Mwalimu akasema, "Mimi nasema hivi, dada yetu. Baba yako maneno yake yote ya miezi tisa hayajazi kibaba. Lakini hayo machache ni ya kweli. Siku tuliyompoteza mwenzetu, huyu ndiye aliyekaa siku tatu bila kula. Fundi hajawahi kutuficha kitu."

Fundi alihisi jasho likimtembea mgongoni, tone moja moja, kama wadudu.

Mama Mlezi alikuwa wa mwisho. "Mimi nilimpa kisu," alisema. "Sina la kuongeza. Mwanangu, nenda kachukue viatu vya baba."

Binti akainuka, akachukua viatu safu ya juu. Na kwa mazoea ya utotoni, bila kufikiri, akavigeuza. Akasimama hapo hapo.

"Baba, hivi umevivaa?"

"Sijavivaa tangu nilipoingia."

"Na soli?"

"Mpya. Nimeweka wiki tatu zilizopita. Sijavigusa tena."

Binti akapitisha kidole gumba kwenye kisigino cha kulia, polepole, akavileta kwenye mwanga. "Mbona kimelika?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliye chini ya meza, anayecheza ule mchezo. "Baba, hiki ni kiatu cha dereva."

Binti alimtazama huyu, akamtazama yule, hakuelewa alichosema. Habari za Dereva hakuna aliyepata kumwambia.

Mwalimu akainuka kwa shida, kama mzee. Akaenda akachukua viatu vya safu ya chini, akampa bila neno. Binti akavigeuza.

"Hivi havijakanyaga chini," alisema. "Vipya kabisa. Hata alama ya penseli ipo."

Fundi hakuwa na haja ya kutazama. Angeweza kusema kisigino kilisuguliwa na ubao. Angeweza kusema gundi ilikuwa mbovu. Neno lilikuwa limeshamfika kwenye meno, rahisi, kama "yuko chooni" lilivyokuwa rahisi. Aliyatazama mapaja yake. Kisha akaona mkono wake umeshatoka, umelala juu ya ile meza ndogo, na mbao ilikuwa baridi.

"Hakuwa chooni," alisema. "Nilimwona akitoka, saa nane. Aliniomba nimshikie nafasi saa moja. Nikawaambia yupo."

Akasema yote. Hakusema vizuri, alirudia rudia. Alipomaliza, wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mwalimu, na hakukuwa na utani hata chembe.

"Saa tisa, Fundi. Saa tisa ile tungetoka kumi tukamtafute. Tungemkuta hata hajafika maegesho."

"Ndiyo."

"Mimi huyu simwamini," Mwalimu aliwaambia wengine. "Naomba nisiulizwe tena." Akatazama mlango. "Lakini mlango hauna kitasa. Akitaka kukaa, akae."

Mama Mlezi alikuwa anatazama shelfu. "Kutoka hapa mpaka chooni ni hatua kumi," alisema hatimaye. "Sikwenda. Nilitazama viatu." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Fundi, wewe unajua utaratibu. Unaanza siku ya kwanza. Na kwa mjane tutakwenda wote wawili."

Binti alikuwa bado amesimama, jozi mbili mikononi. Fundi hakuthubutu kuinua macho. Aliona tu ile soli ya kushoto inayoachia ikitembea kutoka kwenye duara, ikaelekea mlangoni, akajua ndiyo basi. Lakini ilisimama kwenye shelfu. Binti aliinama, akaviweka viatu vya baba yake safu ya chini kabisa, ncha zikitazama nje, akavinyoosha sawasawa.

"Mwenye hivi vingine apelekewe," alisema, akaviweka mezani. Kisha, akitafuta mkoba wake, "Miaka miwili nilisema hupo, baba. Leo umesema mwenyewe upo."

Akaondoka bila kuaga.

Kwa mjane walikwenda wiki ile ile. Fundi alisafiri na kandambili, maana viatu vyake vilikuwa vimerudi safu ya chini, na watu kwenye basi walimtazama. Mjane alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu. Alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Alipoisha kusikiliza, aliuliza swali moja.

"Wewe ndiye rafiki yake wa kitanda cha pili?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Alinipigia simu siku ile. Ni kweli alipiga. Hakuongea sana, nikaudhika. Alisema, wacha niwahi kurudi mke wangu, kuna mtu ananishikia nafasi, nikichelewa nitamwaibisha."

Fundi akamnyooshea viatu kwa mikono miwili.

Mjane akapokea viatu. Hakuvigeuza, hakuvinusa, hakulia. Aliinama akaviweka ndani ya kizingiti, kando ya vya watoto, ncha zikitazama ndani. Akavitazama hapo kidogo, kama anayesubiri mtu amalize kuvua. Kisha akawaambia, "Karibuni maji."

Kituoni, saa za kimya ziliendelea kupita. Fundi alilala kama wengine, au alijaribu. Siku nyingine lile duara la mwanga lilizimika na kuwaka, na siku nyingine halikuzimika, aliacha kulihesabu. Mwalimu hakumsemesha miezi miwili. Mwezi wa tatu alimtupia kandambili iliyokatika. "Shona hii," akasema, "na usinipe soli ya tairi." Kisu alikuwa amerudishiwa wiki moja kabla.

Siku ya wageni, binti yake akaja. Fundi alimwona tangu getini, gauni lile la kijani, akasimama akajipangusa mikono. Binti hakumjia. Alipitia kwanza kwenye shelfu, akachutama, akatoa kiatu cha kulia safu ya chini, akakigeuza, akapitisha kidole gumba. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo wake kwa watu wote.

"Vipi?" Fundi akauliza kwa mbali.

"Vilevile."

"Hakijazidi?"

"Hakijazidi. Lakini hakijajaa pia." Akakirudisha, ncha ikatazama nje. "Usibadilishe kisigino hicho, baba."

"Sibadilishi."

Binti akainuka, akakung'uta magoti, akaja mpaka mbele yake. "Shikamoo, baba," alisema.

Fundi alikawia kuitikia. Alikuwa anamtazama usoni.